Enseti: Akiba Inayosimama Shambani

Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini katika vijiji vyetu akiba ya chakula huoza, na tena haraka. Mahindi huingiwa na dumuzi miezi michache tu baada ya kuvunwa. Ndizi zikikomaa zote kwa pamoja, mchuuzi huzichukua kwa bei ya kutupa. Halafu inafika ile miezi kati ya palizi na mavuno: ghala ni tupu, na mama anakopa unga dukani kilo moja moja akingoja mahindi yakomae.

Majirani zetu wa kusini mwa Ethiopia wana mmea ambao umewapunguzia shida hiyo kwa vizazi vingi. Unaitwa enseti. Ukiuona utasema ni mgomba, na hutakuwa umekosea sana, maana ni wa jamaa moja na mgomba. Lakini hauzai ndizi za kuliwa. Kinacholiwa ni shina lake na tunguu, yaani kile kiazi kikubwa kilicho chini ya shina. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 20 wanautegemea kwa chakula.

Makala haya hayasemi kila kikundi kikimbie kutafuta miche ya enseti. Mtaona hapa chini kwamba kufanya hivyo kuna hatari. Tunataka kujifunza namna majirani hawa wanavyoweka chakula. Tunataka pia kuujua ugonjwa ambao ulitambuliwa kwanza kwenye enseti, na ambao sasa unamaliza migomba ya watu magharibi mwa Kenya.

MMEA WENYEWE UKOJE?

Ukivuka mpaka pale Moyale na kufuata barabara kuu ya kwenda Addis Ababa, kwanza utapita nyika kavu ya Waborana. Baadaye barabara inapanda, hewa inakuwa baridi, na nchi inageuka kijani. Ukikaribia mji wa Dilla utaanza kuona nyumba zilizozungukwa na "migomba" minene ajabu, ikiwa imechanganywa na kahawa na miti mikubwa. Hiyo ndiyo enseti. Wagedeo, Wasidama, Wagurage, Wawolayta, Wahadiya na jamii nyingine nyingi huipanda.

Enseti hufika urefu wa mita 4 hadi 8, na mingine hupita hapo. Shina ni nene kuliko la mgomba, hasa kule chini. Majani ni mapana na husimama wima zaidi. Ukiuacha utoe ua na matunda, utapata vindizi vikavu vilivyojaa mbegu nyeusi ngumu, na baada ya hapo mmea wote hufa. Ndiyo maana wakulima huuvuna kabla ua halijakomaa, wakati chakula chote kingali shinani na kwenye tunguu.

Enseti ya mwituni inaota hata kwetu, katika mabonde na misitu ya nyanda za juu za Kenya, na pia Uganda na Tanzania. Huenda wengine wenu mmeiona mkaiita mgomba mwitu. Lakini ni Ethiopia peke yake ambako watu waliufanya mmea huu kuwa chakula chao cha kila siku. Wana mamia ya aina zenye majina yake: hii ni ya kuchemsha, ile ni ya nyuzi, nyingine ni ya dawa. Mara nyingi familia moja huwa na aina kadhaa katika shamba moja.

Enseti hupenda nyanda za juu, takriban mita 1,500 hadi 3,000 kutoka usawa wa bahari, mahali penye mvua ya kutosha. Ikishashika mizizi huvumilia kiangazi vizuri, kwa sababu shina lake limejaa maji. Lakini si mmea wa nyika. Mtu wa sehemu kavu za Kitui au Garissa asidanganywe kwamba utamfaa.

INAVYOPANDWA

Mgomba hutoa machipukizi wenyewe, lakini enseti kwa kawaida haitoi. Ni lazima mkulima ailazimishe. Huchukua mmea wa miaka kama miwili hadi minne, akakata shina karibu na ardhi. Kisha hukitoboa kile kitovu cha katikati ya tunguu ambako majani mapya hutokea, hujaza hapo udongo na samadi, na kulifukia tunguu. Baada ya wiki kadhaa machipukizi hujitokeza pande zote. Tunguu moja huweza kutoa 40, 100 au hata zaidi.

Wanavikundi wanaozalisha miche ya migomba kwa kuharibu kitovu cha tunguu na kulizika kwenye vumbi la mbao wataitambua kazi hii mara moja. Ni akili ile ile. Wakulima wa Ethiopia walikuwa wakiitumia kabla wataalamu hawajaanza kuwafundisha watu wa migomba.

Miche hiyo haipandwi mara moja ikaachwa. Katika sehemu nyingi huhamishwa mara mbili au tatu, kila mara ikiongezewa nafasi. Kwa hiyo ukiingia katika shamba la enseti utakuta mistari ya miche midogo, halafu ya umri wa kati, halafu mimea mikubwa iliyo tayari kuvunwa. Yote hukaa karibu na nyumba, kwa sababu ndiko samadi na takataka za jikoni zinakomwagwa kila siku. Wakulima hawa wanajua kwamba pasipo ng'ombe enseti hudhoofika. Majani hulisha ng'ombe wakati wa kiangazi, na ng'ombe hurudisha samadi shambani.

Kukomaa huchukua kama miaka minne hadi saba, na kwenye baridi kali zaidi ya hapo. Ni muda mrefu, hatukatai. Lakini hebu fikiri: yule anayepanda michache kila mwaka, baada ya miaka hiyo huwa na ya kuvuna kila mwaka. Tena haina msimu. Mwezi ambao chakula kimeisha ndani ndio mwezi wa kukata.

KAZI YA MIKONO YA AKINA MAMA

Kupanda na kuhamisha mara nyingi ni kazi ya wanaume. Kutengeneza chakula ni kazi ya wanawake, na ni kazi kubwa. Kwa kifupi huwa hivi:

1. Mmea hung'olewa, majani hukatwa, na shina hutenganishwa gamba kwa gamba.

2. Kila gamba huegemezwa kwenye ubao ulioinama, na mama hulikwangua kwa kipande cha mwanzi. Nyama laini hudondoka chini, nyuzi hubaki mkononi.

3. Tunguu nalo hupondwapondwa kwa kifaa cha mti chenye meno.

4. Nyama hiyo hukamuliwa. Maji yake yakiachwa yatulie, unga mweupe hushuka chini. Unga huo huitwa bula, nao ndio bora kuliko yote. Uji wa bula hupewa mama aliyejifungua.

5. Kilichobaki huchanganywa na kutiwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya enseti, hufunikwa vizuri na kulemewa kwa mawe. Humo huchachuka kwa wiki kadhaa au miezi. Hiki ndicho huitwa kocho.

Kocho huchukuliwa kidogo kidogo, hukatwakatwa ili nyuzi zisisumbue, halafu hufanywa mkate bapa ambao huokwa juu ya kigae. Kuna pia amicho, yaani tunguu la mmea mchanga lililochemshwa kama nduma au viazi.

Shimo likitunzwa vizuri na majani yake kubadilishwa, kocho hukaa miezi mingi, na katika sehemu za baridi hata miaka. Hapa ndipo ile methali yetu inapopata maana kamili. Familia ya enseti huwa na akiba mara mbili: moja imesimama shambani ikiendelea kukua, nyingine iko shimoni imechachuka. Zote mbili hazihitaji gunia wala dawa ya dumuzi.

Hata nyuzi hazitupwi. Hukaushwa zikawa kamba, mikeka na magunia, na akina mama huziuza sokoni. Majani nayo ni sahani, ni kifuniko, ni karatasi ya kufungia vitu.

Lakini tusilipake sukari jambo hili. Kukwangua na kukamua humchosha mtu mgongo na mabega. Katika jamii kadhaa ni aibu kwa mwanamume hata kusogea mahali kazi hiyo inapofanyika. Akina mama wamejisaidia kwa kufanya kazi pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama tunavyozungushiana zamu katika vikundi vyetu. Watafiti wa Ethiopia nao wametengeneza vifaa vya kupunguza uzito wa kazi. Chakula kinachookoa nyumba nzima hakifai kumvunja mgongo mtu mmoja.

KWA NINI UNAITWA MTI UNAOPINGA NJAA?

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1984, mvua ilipokataa Kenya nzima tukala unga wa mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo. Mwaka huo na uliofuata, Ethiopia ilipata njaa iliyotangazwa dunia nzima. Iliua zaidi kaskazini, huko Tigray na Wollo, ambako watu hutegemea nafaka. Zilikuwapo sababu nyingine pia, vita ikiwa mojawapo. Lakini nyanda za enseti za kusini ziliumia kidogo kuliko huko, na ndiyo sababu watu wengi huuita mti unaopinga njaa.

Siri yake ni nyepesi kueleza. Nafaka ikikosa mvua mwezi mmoja wa kutoa maua, mavuno ya mwaka mzima yamekwenda. Enseti ikikosa mvua hupunguza mwendo tu, ikangoja. Mmea wa miaka mitano umekunywa mvua za miaka mitano, na msimu mmoja mbaya hauwezi kuurudisha nyuma kabisa.

Tena hauhitaji eneo kubwa. Watafiti wanakadiria kwamba mimea kama 15 iliyokomaa yaweza kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Kwa nchi yenye watu wengi na vishamba vidogo, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo akiba hii ina mipaka yake.

Kwanza, kocho ni wanga mtupu. Ina protini kidogo sana. Majirani zetu huila pamoja na maziwa, jibini, maharagwe, nyama wakipata, na mboga za majani kama ile tunayoiita kanzira. Mtoto akilishwa wanga peke yake, tumbo litajaa lakini mwili hautajengeka.

Pili, akiba inaweza kuliwa ikaisha. Miaka mibaya ikifuatana, watu hukata mimea mikubwa, kisha ya kati, mwisho hata michanga. Hapo shamba hubaki tupu, na kulijaza tena ni kazi ya miaka. Anayekata bila kupanda anakula kesho ya watoto wake.

Tatu, kuna ugonjwa.

MNYAUKO: UGONJWA ULIOVUKA MIPAKA

Mwaka 1968 wanasayansi walieleza ugonjwa wa bakteria uliokuwa ukinyausha enseti huko Ethiopia. Mwaka 1974 ukaelezwa kwenye migomba ya nchi hiyo hiyo. Kwa miaka mingi haukuonekana nje ya Ethiopia. Halafu mwaka 2001 ulitokea Uganda, na mwaka huo huo Kongo. Ulienea haraka katika nchi za maziwa makuu, na mwaka 2006 ulithibitishwa magharibi mwa Kenya. Kumbe adui wa enseti ndiye huyo huyo mnyauko wa migomba.

Dalili zake kwenye mgomba ni hizi. Majani hugeuka manjano na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ua dume linaloning'inia chini ya mkungu husinyaa. Ndizi huiva kabla ya wakati, nyingine njano na nyingine bado kijani, na ukizipasua ndani ni za rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya dakika chache hutoka usaha wa rangi ya maziwa au njano.

Hakuna dawa ya kupuliza inayoutibu. Baadhi ya aina za enseti huvumilia kuliko nyingine, lakini hakuna iliyo salama kabisa. Kinga iko mikononi mwa wakulima wenyewe:

- Ondoa ua dume mara tu kichana cha mwisho kinapotokea. Tumia mti wenye panda, si panga. Wadudu wanaolitembelea ua hilo ndio wanaobeba bakteria.

- Safisha panga na jembe kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Lipitishe motoni hadi liwe moto usioshikika, au litie katika maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe vitano vya maji.

- Ukiona shina moja limeugua, likate chini kabisa upesi, kisha safisha panga. Rudi kila wiki ukague mengine. Shina zima likiwa limeambukizwa, ling'oe lote.

- Usichukue machipukizi kutoka shamba usilolijua. Miche iliyokuzwa maabara kutoka kwa muuzaji anayeaminika ni salama zaidi.

- Usiwaache mbuzi na ng'ombe waingie kwenye migomba iliyougua.

- Mahali palipong'olewa migomba migonjwa panda maharagwe, viazi au mboga kwa miezi sita au zaidi kabla ya kurudisha migomba.

Jambo kubwa ni kwamba mtu mmoja hawezi. Ukisafisha panga lako na jirani hasafishi la kwake, nyuki na kibarua watakuletea ugonjwa nyumbani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi hii inafaa kikundi, wala si ya mtu mmoja mmoja.

JE, TUPANDE ENSETI KENYA?

Mwaka 2022 watafiti wa Ethiopia na Uingereza walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili. Walipima hali ya hewa ya sasa na ile inayotarajiwa, wakasema enseti ingeweza kupandwa mahali pengi zaidi, pamoja na nyanda za juu za Kenya, Uganda na Rwanda, na kulisha zaidi ya watu milioni 100 wengine. Ni habari ya kutia moyo.

Lakini mmea hauhami peke yake. Lazima uhame pamoja na ujuzi wa kuukwangua, kuuchachusha na kuupika, na ujuzi huo uko mikononi mwa akina mama wa kusini mwa Ethiopia. Pasipo wao, tutabaki na mti mkubwa tusiojua kuula. Tena chipukizi lililofichwa kwenye begi likavushwa Moyale laweza kubeba mnyauko ndani yake. Sheria inataka kibali cha shirika la KEPHIS kabla ya kuingiza mmea wowote nchini, na sababu yake mmeiona. Kikundi kinachopendezwa na enseti kianze kwa kumuuliza afisa wa kilimo, kisitumie njia za vichochoroni.

Wakati huo huo, usiache mbachao kwa msala upitao. Tunayo mimea yetu inayosimama shambani ikingoja: muhogo, nduma, viazi vitamu, migomba. Tuliidharau tukaita chakula cha wazee, tukaweka tumaini lote kwenye mahindi. Tunaweza kuipanda kama majirani wanavyopanda enseti: kidogo kidogo kila msimu, ya umri mbalimbali, ya aina mbalimbali, karibu na samadi. Familia yenye mistari mitatu ya muhogo wa umri tofauti, aina ile tamu, na migomba inayokaguliwa kila wiki, haitapiga hodi dukani mapema kama ile yenye mahindi peke yake.

YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni miezi gani ghala huwa tupu? Ni mimea gani iliyosimama shambani inaweza kutuvusha miezi hiyo?

2. Ni wangapi kati yetu wameona dalili za mnyauko? Je, tuna siku moja ya wiki ya kukagua migomba ya wanakikundi wote, na nani atamwendea jirani asiye mwanakikundi?

3. Chakula cha nyumbani kwetu kinatengenezwa na nani, na kazi hiyo inaweza kugawanywaje?

4. Wazee wetu walichachusha, kukausha au kufukia chakula gani ili kisiharibike? Nani bado anaijua kazi hiyo? Mwalikeni kwenye mkutano ujao awafundishe, na aje na vyombo vyake.